RAM ndogo na uhai wa SSD: mwongozo kamili wa kupima, kuamua na kuongeza RAM

Kuongeza RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hukaa) kunaweza kurefusha maisha ya SSD yako (diski isiyozunguka inayohifadhi faili zako), lakini si kwa kila mtu. Mwenye laptopu ya GB 4 anayefungua Word, WhatsApp na vichupo vingi vya Chrome kwa pamoja anaipunguzia diski mzigo mkubwa akifika GB 8. Mwenye GB 16 anayeandika kazi za chuo tu, hata akienda 32 diski yake haitaona tofauti. Kati ya hao wawili ndipo walipo watu wengi wa Lubumbashi, na hakuna fundi awezaye kukuambia uko upande gani kwa kuitazama mashini kwa nje. Lazima upime.

Ninaandika nikiwafikiria wanaoishi kwa kompyuta yao: sekretariati za karibu na Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) zinazochapa TFC, yaani kazi za kumaliza masomo za wanafunzi, vijana wa komini za Kenya na Katuba wanaotengeneza video za harusi, wahasibu wa maduka ya katikati ya mji. Wengi wana laptopu za okazioni zilizofanya kazi Ulaya miaka kadhaa kabla ya kufika hapa. Fundi akaondoa diski ya zamani, akaweka SSD ndogo ya bei nafuu, RAM ikabaki ileile iliyokuja nayo. Mashini inawaka haraka, mteja anafurahi. Baadaye anaanza kusikia kwamba SSD zinakufa, na hapo ndipo anapoambiwa anunue RAM, au anunue SSD nyingine, au azime kitu fulani ndani ya Windows. Kila ushauri kati ya hiyo una mahali pake, ila ukiufuata bila kupima unaweza kutoa dola zako mahali ambapo hazikuhitajika.

Kinachotokea RAM inapojaa

Kila programu iliyofunguliwa inakaa ndani ya RAM. Mfumo unaigawa RAM katika vipande vidogo vya kilobaiti 4. Vipande vikianza kuwa vichache, Windows 10 na 11 kwanza hubana vile ambavyo havijaguswa kwa muda, vikabaki ndani ya RAM kwa ukubwa mdogo zaidi. Hiyo haigharimu diski kitu. Nafasi ikiendelea kukosekana, vipande vinaandikwa kwenye faili lililofichwa liitwalo pagefile.sys, ambalo kwa kawaida liko kwenye diski C, yaani kwenye SSD yako. Ukirudi kwenye kichupo ulichokuwa umekiacha, Windows inakisoma kutoka humo na kutoa kingine nje ili kukipa nafasi.

Kusoma hakuichoshi SSD kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Kuandika ndiko kunakoichosha. Data ya SSD inakaa kama chaji ya umeme ndani ya seli ndogo sana, na kila seli inapoandikwa na kufutwa, ukuta unaoshikilia chaji hiyo unadhoofika kidogo, kama karatasi inayofutwa kwa gomu mara nyingi mahali palepale. Seli za aina ya TLC, zilizo kwenye SSD nyingi za kawaida, huvumilia takriban mizunguko 1,000 hadi 3,000. Seli za QLC, ambazo zimejaa kwenye diski za bei ya chini zenye ukubwa mkubwa, huvumilia chini ya hapo, mara nyingi mamia hadi 1,000.

SSD pia haiwezi kuandika juu ya kilichopo. Inaandika ukurasa mmoja mmoja, lakini inafuta fungu zima la kurasa nyingi kwa pamoja. Ili ibadilishe kitu kidogo, hulazimika kuhamisha kurasa nzuri zilizobaki, kisha ifute fungu lote. Kwa hiyo gigabaiti moja iliyotumwa na kompyuta inaweza kuwa zaidi ya moja kwenye seli zenyewe. Maandishi madogomadogo yaliyotawanyika, kama yale ya pagefile.sys, ndiyo yanayozidisha jambo hili, hasa diski inapokuwa imejaa karibu yote.

Kuna hofu moja ya kuondoa hapa. Watu wanasema pagefile.sys inatoboa sehemu moja ya diski kwa kuwa faili hilo halihami. Si kweli. Kidhibiti cha SSD, yaani chipu inayoiendesha, kinasambaza maandishi kwenye seli zote, hata kama Windows inaona faili liko palepale. Diski inachakaa kwa pamoja.

Hatua ya 1: jua ulichonacho

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo litafunguka dirisha la Gestionnaire des tâches. Ingia upande wa Performance, halafu Mémoire. Utaona ukubwa wa RAM, kasi yake, na nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. Andika hayo yote kwenye karatasi.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause. Ukiona mfumo ni wa biti 32, simama hapo. Windows ya biti 32 ya kawaida haitumii zaidi ya GB 4, hata ukiweka 16. Nimeona watu wakinunua RAM nzuri na kubaki na mashini nzito ileile kwa sababu hii tu. Dawa ni kuweka Windows ya biti 64 kwanza, kama kichakataji kinaikubali, na karibu laptopu zote za miaka kumi iliyopita zinaikubali.

Hatua ya 2: soma afya ya diski

Pakua CrystalDiskInfo, programu ya bure. Juu kushoto inaonyesha afya ya diski kwa asilimia, na upande wa kulia inaonyesha jumla ya gigabaiti zilizoandikwa na kompyuta tangu diski ilipoanza kutumika, pamoja na saa ilizowaka. Jumla hiyo ndiyo namba muhimu kuliko zote katika mwongozo huu.

Mwenye Linux atumie smartctl, kwa amri ya sudo smartctl -a /dev/nvme0 kwa diski ya NVMe (aina mpya yenye kasi zaidi) au /dev/sda kwa ile ya SATA (aina ya zamani). Kwenye NVMe tafuta mstari wa Data Units Written. Kila uniti ni baiti 512,000, kwa hiyo uniti milioni 20 ni kama TB 10.2 (TB moja ni GB 1,000). Mstari wa Percentage Used unaanza na sifuri na kupanda kadiri diski inavyochakaa, kinyume na CrystalDiskInfo inayoanza na 100 na kushuka. Usichanganye hizo mbili.

Diski nyingine zisizo na jina la kueleweka hazitoi namba hizi, au zinatoa namba zisizobadilika hata ukinakili faili kubwa. Diski ya namna hiyo usiiamini na kazi ya mteja. Ukiwa nayo bado, ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux uone kama ukubwa ulioandikwa juu yake ni wa kweli. Jaribio hilo lenyewe linajaza nafasi yote tupu ya diski, basi lifanye mara moja tu.

Hatua ya 3: pima wiki nzima

Hapa ndipo watu wengi wanaporuka, na ndipo penye jibu. Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, andika jumla ya gigabaiti zilizoandikwa. Fanya kazi yako kama kawaida. Usijibane ili namba iwe nzuri, maana hapo utakuwa umepima kompyuta ya mtu mwingine. Jumatatu inayofuata, saa ileile, andika tena. Toa ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa 7.

Chagua wiki ya kweli. Kwa sekretariati, wiki ya kuwasilisha kazi chuoni na wiki ya likizo ni vitu viwili tofauti. Kwa mpiga video, pima wiki yenye harusi. Kama umeme ulikatika siku tatu katika wiki hiyo, basi ndivyo mji ulivyo, iache kama ilivyo.

Mfano wa hesabu. Kingston A400 ya GB 240, moja ya SSD zinazopatikana sana, mtengenezaji ameiandikia TB 80 za maandishi. Yule ndugu yake wa GB 120 ana TB 40 tu. Samsung 870 EVO ya GB 250 ina TB 150, ya GB 500 ina 300. Chukua TB 80, yaani GB 80,000. Ukiandika GB 20 kwa siku, utafika huko baada ya siku 4,000, karibu miaka 11. Ukiandika GB 60, ni miaka mitatu na nusu hivi. Ukiandika GB 120 kwa siku, haufiki miaka miwili. Sasa weka GB 60 kwenye ile ndogo ya TB 40, na utapata siku 666.

Namba ya mtengenezaji ni mpaka wa garantii, si siku ya kifo. Mwaka 2013 tovuti ya Marekani iitwayo The Tech Report ilianza kuziandika SSD sita za GB 240 hadi 256 bila kupumzika mpaka zife. Ya kwanza ilikufa ikiwa imepita TB 700, na ya mwisho, Samsung 840 Pro, ilipita TB 2,400 mnamo 2015. Lakini usichukue hayo kama ahadi kwa diski yako ya leo. Nyingi kati ya zile sita zilikuwa na seli za MLC, zinazovumilia zaidi kuliko TLC na QLC. Ninachokitoa humo ni kwamba kufika kwenye namba ya mtengenezaji si sababu ya kulala macho, ila ni sababu ya kuwa na nakala za kazi zako.

Hatua ya 4: je, ni RAM kweli inayoandika?

Jumla ya gigabaiti haikuambii ni nani aliyeandika. Inaweza kuwa RAM ndogo, inaweza kuwa programu ya video inayohifadhi vipande vyake, inaweza kuwa filamu unazopakua. Ukiongeza RAM wakati kosa liko kwa filamu, hakuna kitakachobadilika.

Fungua kazi zako za kawaida zote kwa pamoja, zile za saa ngumu ya siku. Kisha bonyeza Windows na R, andika resmon, bonyeza Entrée. Ingia kwenye Disque. Katika orodha ya shughuli za diski, panga kwa safu ya maandishi. Ukiona C:\pagefile.sys iko juu na inabaki huko, dakika baada ya dakika, RAM yako haitoshi. Ikitokea mara moja na kutoweka, iache. Windows huandika kidogo humo hata RAM ikiwa na nafasi, na hiyo ni afya.

Rudi pia kwenye Gestionnaire des tâches, sehemu ya Mémoire, tazama neno Validée. Kuna namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Ya kwanza ni kumbukumbu yote ambayo programu zako zimeahidiwa. Ya pili ni RAM pamoja na pagefile.sys. Kama ya kwanza inazidi RAM uliyonayo kila siku ya kazi, mfano 7.5 kwenye mashini ya GB 4, basi sehemu ya tofauti hiyo inaishi kwenye SSD. Namba hiyo pia inakusaidia kujua ununue kiasi gani: chukua Validée ya saa ngumu, ongeza robo yake, kisha panda hadi saizi inayouzwa. 7.5 inakupeleka karibu na 9.4, kwa hiyo GB 8 itakusogeza sana lakini 16 ndiyo itakayokutuliza.

Ili ujue uzito wa jambo, tazama kasi. Kubadilishana huku kwa vipande kati ya RAM na pagefile.sys kukiandika megabaiti 10 kwa sekunde tu, bila kusimama, kwa saa tano za kazi, hiyo ni GB 180. Hakuna Word wala Excel inayoandika namna hiyo. Ndiyo maana mashini ya GB 4 yenye SSD ya GB 120 ndiyo ninayoihurumia kuliko zote mjini. Inaandika nyingi, ina seli chache za kugawana mzigo, na kwa kawaida imejaa.

Kwenye Linux, amri ya vmstat 5 inatosha. Safu ya so ikiwa na namba kubwa kila baada ya sekunde tano, mfumo unaandika nje. Kwenye Mac, fungua Moniteur d'activité, sehemu ya Mémoire. Wenye Mac za chipu ya M1 wawe makini zaidi. Mwanzoni mwa 2021 wamiliki wengi walionyesha namba kubwa za maandishi, na kwenye mashini hizo wewe huwezi kubadilisha RAM wala SSD.

Hatua ya 5: amua

Ukiwa na namba zako mkononi, uamuzi unakuwa mwepesi.

GB 4 na pagefile.sys iko juu: ongeza RAM kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Hata kama usingejali SSD, mteja anayesubiri ukurasa uchapwe atakushukuru. GB 8 na kazi ya ofisi: pima tu, mara nyingi inatosha. GB 8 na video au picha nyingi kubwa: nenda 16. GB 16 na zaidi, na hofu yako ni uhai wa diski: hifadhi pesa, au nunua SSD kubwa zaidi. SSD ya GB 480 ya aina ileile ina seli mara mbili, kwa hiyo huvumilia takriban mara mbili, na inabaki na nafasi tupu ambayo kidhibiti kinaihitaji.

Kama wastani wako ni GB 10 au 15 kwa siku, basi achana na jambo hili. Diski yako itaondoka na mashini kwa sababu nyingine.

Hatua ya 6: kununua na kuweka

Laptopu za miaka ya 2013 hadi 2015 hivi kwa kawaida zinatumia DDR3L ya volti 1.35, zile za baada ya hapo DDR4 ya volti 1.2. Mkato wa chini hauko mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Usilazimishe. ThinkPad T450 ina nafasi mbili za DDR3L, T470 na T480 zina mbili za DDR4. HP EliteBook 840 G1 na G2 ni DDR3L, G3 ni DDR4. ThinkPad X240 na X250 zina nafasi moja tu, basi kijiti cha zamani lazima kitoke. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hapo hakuna cha kuongeza. Kama huna uhakika, fungua kifuniko na usome kibandiko kilicho kwenye kijiti chenyewe, au kipeleke dukani.

Mashini ikiwa na nafasi mbili, vijiti viwili vinavyofanana ni bora kuliko kimoja kikubwa, kwa sababu kasi inaongezeka na grafiki za Intel zinaifaidi kasi hiyo.

Zima kabisa, usiilaze. Ondoa chaja, ondoa batri, au kama iko ndani itenganishe na bodi, ama izime kwa amri ya BIOS (programu inayowaka kabla ya Windows) kama amri hiyo ipo. Kiangazi cha hapa, Juni hadi Agosti, hewa ni kavu na nguo za nailoni zinajaa umeme tuli. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa kijiti, na usifanye kazi hiyo juu ya zulia. Puliza vumbi jekundu lililokaa humo kabla ya kuchomeka. Kijiti kinaingia kwa mshazari, kisha unakisukuma chini mpaka vishikio vya pembeni vibane kwa sauti.

Jaribu RAM mbele ya muuzaji. Kuona GB 8 kwenye skrini hakutoshi. Bonyeza Windows na R, andika mdsched, mashini itawaka tena na kuikagua RAM. Mwambie muuzaji, kwa heshima, kwamba utasubiri. Papa au mama anayeuza bidhaa nzuri hatakataa. RAM mbovu ina hatari kubwa kuliko SSD iliyochoka, kwa kuwa inaharibu data kimya kimya kabla haijaandikwa, na hati ya mteja inahifadhiwa ikiwa tayari imeoza.

Hatua ya 7: mipangilio, na ile usiyopaswa kuigusa

Usizime pagefile.sys. Ushauri huo unazunguka mjini kama njia ya kuokoa SSD, na unaumiza watu. Bila faili hilo, kumbukumbu ambayo programu zinaweza kuahidiwa inaishia kwenye RAM peke yake. Ikifika ukingoni, programu zinafunga ghafla, na kurasa ambazo mwanafunzi hajahifadhi zinaondoka nazo. Bonyeza Windows na R, andika SystemPropertiesPerformance, ingia Avancé, kisha Modifier, na uhakikishe kisanduku cha juu kinachoanza na Gestion automatique kimetiwa alama. Kulihamishia kwenye diski ya zamani ya kuzunguka nako sikupendekezi. Utaokoa seli na kupoteza siku nzima ukisubiri.

Sasa jambo ambalo wengi hawalitegemei: RAM kubwa inaweza kuongeza maandishi mahali pengine. Windows inapoingia kwenye veille prolongée, inaandika yaliyomo kwenye RAM katika faili la hiberfil.sys ili mashini izimike kabisa. Faili hilo kwa kawaida limetengewa asilimia 40 ya RAM. Kwa GB 8 ni 3.2, kwa GB 16 ni 6.4. Yanayoandikwa yanabanwa kwanza, kwa hiyo mara nyingi ni machache kuliko hapo, lakini chukua kiwango cha juu: mashini ya GB 16 inayoingia humo mara tatu kwa siku kwa sababu ya delestaji, yaani mgao wa umeme, inaweza kuandika hadi GB 19. Si maafa, ila ni kiasi kinachoweza kumeza sehemu ya ulichookoa.

Kwenye laptopu, iache veille prolongée ifanye kazi batri inapokaribia kuisha, maana inaokoa hati yako. Unachoweza kupunguza ni kuitumia kila unapofunga kifuniko kwa dakika kumi. Hapo veille ya kawaida inatosha. Kwenye kompyuta ya mezani ambayo haitumii veille prolongée, faili hilo halina kazi kubwa. Fungua Invite de commandes (dirisha la amri) kama msimamizi, andika powercfg /h off, na gigabaiti kadhaa zinarudi. Démarrage rapide (kuwaka haraka) pia itazimika, na kwa SSD hutaona tofauti kubwa wakati wa kuwasha.

Hakikisha TRIM inafanya kazi, kwani ndiyo inayoiambia SSD ni kurasa zipi hazihitajiki tena ili isizibebe bure. Katika dirisha lilelile la amri andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, iko kazini. Kisha acha asilimia 15 hadi 20 ya diski ikiwa tupu. Kwa mwenye GB 120 ni vigumu, najua, lakini filamu na picha za zamani zinaweza kukaa kwenye diski ya nje ya kuzunguka.

Hatua ya 8: pima tena

Wiki moja baada ya kuweka RAM, rudia hatua ya 3. Linganisha namba mbili. Zikiwa zimeshuka sana, umetibu ugonjwa wenyewe. Zikiwa zilezile, rudi resmon na umtafute mwandishi mwingine: vipande vya muda vya programu ya video, WhatsApp inayopakua kila video ya kila kundi, kivinjari chenye akiba kubwa. Programu za video karibu zote zinakuruhusu kuchagua folda ya vipande hivyo. Ipeleke kwenye diski nyingine, na hapo SSD ya mfumo itapumua.

RAM ikiwa imechomelewa

Punguza hitaji. Washa Économiseur de mémoire kwenye Chrome, au vichupo vinavyolala kwenye Edge. Ondoa programu zinazowaka peke yake mashini inapoanza. Kwa mashini ya GB 4 isiyoongezeka, Linux yenye zram ndiyo ninayoipenda kwa moyo wote. Zram inatenga sehemu ya RAM, inabana humo vipande ambavyo vingeenda kwenye diski, na SSD haiguswi mpaka hapo patakapojaa. Fedora imeiwasha yenyewe tangu toleo la 33 la mwaka 2020. Kwenye Ubuntu na Mint unaiweka kwa kifurushi cha zram-tools. Kichakataji kinaongezewa kazi kidogo, na kwa mashini hizo ni biashara nzuri.

Umeme unapokatika ghafla

Nisingeandika haya kwa mtu wa mji ambao umeme haukatiki. Hapa ni lazima. SSD nyingi za kawaida hazina akiba ya umeme ndani. Zinaweka baadhi ya data, pamoja na ramani inayoonyesha kila kitu kiko wapi, kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ramani inaweza kuharibika, na diski yenye afya ya asilimia 96 ikagoma kuonekana siku inayofuata. Mteja anasema imechakaa. Haikuchakaa hata kidogo.

Uhusiano wake na RAM ni huu: mashini inayobadilishana mfululizo iko katikati ya kuandika karibu muda wote, kwa hiyo kukatika kokote kunaikuta kazini. Yenye RAM ya kutosha inakuwa imetulia muda mrefu zaidi. Hiyo inasaidia, lakini haichukui nafasi ya onduleri (kifaa chenye batri kinachoshikilia umeme ukikatika) kwa kompyuta ya mezani, wala ya batri nzima kwa laptopu. Kama una laptopu yenye batri iliyokufa inayoishi kwenye chaja, na RAM yako tayari ni GB 8, nunua batri kwanza.

Diski ikikaribia mwisho wa namba zake

CrystalDiskInfo ikishuka chini ya asilimia 20, anza kuweka pesa ya nyingine, na nakili kazi zote kwenye diski ya nje kila jioni, si kila mwezi. Utakapoibadilisha, usiitupe ile ya zamani kwenye droo ikiwa na picha za familia au kumbukumbu za wateja kwa kudhani ni ghala. Kipimo cha kiwanda kwa SSD za kawaida zilizofika mwisho kinadai zishike data mwaka mmoja tu bila umeme, kwenye nyuzi 30. Stoo yenye paa la bati mwezi wa Oktoba hapa Lubumbashi inapita nyuzi hizo. Diski hiyo bado inafaa kubeba faili kutoka mashini moja hadi nyingine, ama kujifunzia kuweka Linux. Vya kuhifadhi miaka mingi viweke kwenye diski ya kuzunguka, nakala mbili, nyumba mbili tofauti.